Nani Aliwapa Jina la Hagenimana?

Songambele, Kyerwa
4 Februari 2024

Kwako mwanangu Polikarpi,

Salamu nyingi kwako, kwa Joviness na kwa watoto. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto limegoma kupanda kilima tangu Krismasi, ila kulima bado linakubali. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha. Kokwijuka, mke wa jirani yetu Telesfori, bado anaumwa tumbo. Amelazwa mara mbili na kurudishwa, na sasa anakunywa uji tu.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti yangu. Nimezima simu. Unajua laini yangu imesajiliwa kwa kitambulisho cha Telesfori, kwa sababu changu kinashughulikiwa huu mwaka wa nne. Nimefikiri nikaona laini ya mtu ni sikio la mtu. Usinipigie, wala usimpigie yeye aniite. Niandikie kwa sanduku la parokia.

Sasa sikiliza. Jumanne iliyopita nilikuwa naanika maharage barazani, nikaona gari jeupe limesimama kwenye migomba. Wakashuka wanaume wawili na mwanamke mmoja, mtendaji wa kijiji nyuma yao. Yule mwanamke akaniamkia vizuri, shikamoo mama, kisha akiwa bado huko uani akaniuliza, “Hii ndiyo nyumba aliyoijenga mzee Hagenimana kutoka Rwanda?”

Polikarpi, alilitaja jina la baba yangu kabla hajafika mlangoni penye jiwe! Nikamwuliza, “Nani kakwambia?” Akatabasamu. “Tuna taarifa, mama.”

Taarifa! Wakatoa futi wakapima unene wa kuta, wakapima matao ya baraza moja moja. Wakapiga picha vigae, madirisha, na lile jiwe la juu ya mlango ambalo babu yako alichonga jina lake na alikotoka: HAGENIMANA, GISAKA, 1938. Kisha maswali. Alivuka mwaka gani? Nani alimpa ardhi? Wewe ulizaliwa wapi? Una karatasi gani? Wanasema wanatafuta majengo ya kale ya kuhifadhiwa na serikali. Mwaka ule wa operesheni ya kuwaondoa wahamiaji nao walioanza kuja walianza na maswali hayo hayo, na shemeji yangu aliyewajibu kwa unyofu alivuka mpaka na godoro kichwani, hajarudi hadi leo. Mimi nimezaliwa kwenye chumba cha kushoto cha nyumba hii, mwaka 1955. Lakini nani atakiuliza chumba?

Hapa Songambele nani anayeijua habari ya Gisaka? Wazee wamekwisha, amebaki Telesfori. Na ni Telesfori aliyeniomba mwaka juzi nimkatie kipande cha kibanja changu cha migomba apanue njia ya gari la kahawa, nikamkatalia.

Niambie unavyoona wewe. Usimwonyeshe mtu barua hii.

Shangazi yako,
Therese Mukantabana


Iringa
3 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imechukua wiki tatu. Joviness anakuamkia sana. Mdogo ameota meno mawili na anatung'ata sote. Mpe pole Mama Kokwijuka, mwambie namkumbuka kwa maziwa yake ya mgando.

Mimi kazi ni ile ile. Tunakarabati jengo la enzi za Wajerumani, kazi ya taratibu kuliko zote nilizowahi kufanya. Hapa huruhusiwi kupiga saruji ovyo. Ukitaka kutoa tofali moja bovu, kwanza linapigwa picha, linaandikwa, ndipo unaruhusiwa.

Kuhusu wageni wako, nakuomba usiogope sana. Ninavyoelewa, serikali ina sheria ya mambo ya kale. Nyumba ikionekana ina historia, inaweza kutangazwa kuwa ya urithi. Ikitangazwa, hainyang'anywi. Mwenyewe anabaki mwenyewe, ila habomoi wala habadilishi kitu bila ruhusa ya maandishi. Na wao wanatakiwa wamshauri, na pengine wamsaidie matengenezo fungu likipatikana. Kwa hiyo wanapouliza aliyejenga ni nani na alitoka wapi, huenda wanatafuta historia tu.

Kuhusu Mzee Telesfori, usimhukumu haraka. Amekuwa jirani mwema miaka yote.

Nina swali moja. Lile jiwe la juu ya mlango bado liko imara? Maandishi yanasomeka? Kama hutachoka, lipime urefu na upana, uniandikie.

Mwanao,
Polikarpi


Songambele
7 Aprili 2024

Kwako Polikarpi,

Marahaba. Pasaka tumeila salama, ingawa mvua haikutupa nafasi ya kukausha hata leso. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa. Mwalimu wa kwaya ameoa. Kokwijuka hakuweza kuja kanisani, padri alimpelekea komunyo nyumbani.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara imeniongezea shaka. Wewe ni fundi wa matofali. Nani kakufundisha sheria? Unaniambia “huenda”, lakini umeandika kama mtu aliyekuwa ndani ya gari. Na jiwe unalitakia nini? Jiwe ni jiwe.

Tarehe 19 Machi mtendaji ameniletea karatasi yenye muhuri. Inasema jengo liko kwenye uchunguzi, kwa hiyo lisibomolewe, lisiongezwe, lisibadilishwe paa, milango wala madirisha, mpaka uamuzi utoke. Nikamwambia, “Mtendaji, vigae sita vimeanguka juu ya kitanda changu. Bati ninazo, ziko pale ukutani, fundi anakuja kesho.”

“Mama, ukiezeka bati umebadilisha paa.”

“Na nikilala majini?”

“Weka beseni, mama. Mimi nimeletewa tu barua, nami nakuletea.”

Kwa hiyo nyumba ni yangu ila paa si langu. Nimehamia chumba cha kushoto. Beseni tatu ziko chumba cha mkono wa kulia, na usingizi wangu ni wa kuhesabu matone.

Ijumaa Kuu tulikuwa kwenye Njia ya Msalaba. Telesfori akaja kutembea ubavuni pangu. Tangu Februari nimekuwa nikirudisha jagi lake la maziwa bila kulifungua. Akasema taratibu, “Therese, nimekukosea nini?”

Nikamjibu, “Uulize ulimi wako.”

Akavua kofia, akanitazama, akafungua mdomo kama mwenye jambo, kisha akaufunga. Mtu asiye na hatia angejitetea. Hakujitetea. Mimi nimepata jibu langu.

Shangazi yako,
Therese


Iringa
12 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima, Joviness ana mafua kidogo. Pole kwa pacha wa mbuzi, na pole kwa mvua.

Usiezeke bati, tafadhali. Tafuta turubai ulitandaze juu ya vigae na ulikaze kwa kamba. Hilo si kubadilisha paa, ni kusitiri. Na popote penye ufa usipige saruji. Kuta zile zimejengwa kwa udongo na chokaa, na saruji itazivunja kidogo kidogo.

Nilikuwa nije mwezi huu tuzungumze ana kwa ana, msimamizi hakuniruhusu. Yapo mambo hayakai vizuri kwenye karatasi.

Ila Mzee Telesfori muache. Nakuomba kama mtoto wako.

Polikarpi


Songambele
23 Juni 2024

Kwako Polikarpi,

Huku kuna msiba. Kokwijuka amefariki tarehe 11, saa nne asubuhi, amezikwa kesho yake. Alikuwa na miaka sitini na sita. Ndiye aliyenipokea nilipotoka hospitali na mtoto aliyekufa, mwaka 1981, akanikanda kwa maji ya moto siku arobaini kana kwamba mtoto yupo.

Sikwenda.

Nimeandika neno hilo nikaliacha lipumzike, sasa naendelea. Nilivaa kanga nikafika mpaka kwenye migomba ya mpaka wetu. Nikawasikia wanaimba. Nikaona watu wa ofisi ya kijiji wamekaa pamoja na Telesfori chini ya turubai, wanaongea vichwa vimekaribiana. Nikajiambia, nikiingia pale nitaulizwa mbele ya watu, wewe na wazazi wako ni wa wapi. Nikarudi nyuma. Sikupeleka hata mkungu wa ndizi. Sasa wanawake wa jumuiya wananisalimu kwa kichwa tu, kama mtu anayekwepa tawi.

Unaniambia nimuache Telesfori. Haya, nimemuacha hata kaburini kwa mkewe. Umeridhika?

Wale watu wa mambo ya kale wanarudi Agosti. Na hilo lisilokaa vizuri kwenye karatasi, lilazimishe likae.

Therese


Iringa
14 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nikusalimuje baada ya hapo. Joviness amelia kwa ajili ya Mama Kokwijuka. Mimi nimeshindwa hata kulia, kwa sababu kosa ni langu.

Ni mimi niliyewaandikia. Si Mzee Telesfori. Yeye hakusema neno lolote kwa mtu yeyote.

Novemba mwaka jana tulikuwa tunarudishia tao lililoanguka hapa kazini. Mafundi wenzangu walikuwa wanabishana namna ya kukata matofali yakae bila kuteleza. Nikayakata nikayapanga, likakaa. Mama mmoja wa mambo ya kale aliyekuja kukagua akaniuliza nimejifunza chuo gani. Nikamwambia sikusoma chuo, nimekulia chini ya matao ya babu yangu huko Songambele. Nilikuwa nalala barazani nayatazama hadi nikajua kila tofali linamwegemea nani. Akasema, “Niandikie habari za nyumba hiyo.” Nikaandika kurasa mbili. Jina la babu, Gisaka, padri aliyemfundisha kazi kisha akamwachia nyumba kituo kilipohamishwa, yote. Nilisaini.

Sikukuomba ruhusa kwa sababu nilijua ungekataa. Nikajidanganya kwamba gari likija na barua nzuri mkononi utafurahi. Na niseme lililo chini kabisa: niliogopa kwamba siku ukiondoka, nyumba ile itavunjwa ichukuliwe matofali, na hakuna mtu atakayejua kwamba mtu wetu aliweza kazi kama ile. Kwenu nyinyi mtu wetu ni siri. Mimi nilichoka na siri.

Barua yako ya Februari iliponifikia, niliikunja nikaiweka mfukoni. Ningesema siku ile ile. Nikaona nisubiri kidogo, hasira zako zitapoa. Nikasubiri, nawe ukawa unamchukia mtu asiye na kosa, nami nasoma na kukunja karatasi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nenda tu kwa Mzee Telesfori.

Polikarpi


Songambele
29 Septemba 2024

Polikarpi,

Leo salamu zangu ni fupi: tu hai. Barua yako ya Julai nimeipata tarehe 9 Septemba, kwa sababu paroko alihamishwa na mgeni alichelewa kukabidhiwa ufunguo wa sanduku. Kwa hiyo wale watu walipokuja Agosti nilikuwa bado sijui kitu. Nakueleza kwa mpangilio, na hii nampa dereva wa basi mkononi, ikufikie kwa siku tatu.

Kwanza, nami nilikuficha. Jiwe ulilokuwa unaliulizia halipo. Nililitindua mimi mwenyewe, Jumamosi, siku moja kabla ya kukuandikia ile barua ya kwanza. Watu walikuwa mnadani. Nilipanda juu ya meza na tindo la baba, nikaanza na GISAKA. Nilitaka kuacha jina, lakini mkono ukishaanza hauchagui. Vipande nilivitupa chooni.

Tarehe 22 Agosti yule mama alirudi. Mtendaji alikuwepo, mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, na Telesfori aliitwa kama jirani wa mpaka. Akatazama juu ya mlango, akatoa picha aliyopiga Januari, akatazama tena.

“Mama, jiwe limekwenda wapi?”

“Sijui.”

“Kuharibu jengo lililo kwenye uchunguzi ni kosa, mama. Nani amelifuta?”

“Sijui.”

“Na aliyejenga nyumba hii ni nani wako?”

Mwanangu, nikasema simjui. Nikasema nilikuta nyumba tu. Telesfori alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwangu, na ni yeye aliyembeba baba mabegani siku tunamzika. Akainamisha kichwa. Mtendaji akaandika, kisha akanisomea alichoandika: mkazi wa jengo hana uhusiano wowote unaojulikana na mjenzi. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Nilitaka kumficha baba, nikajitoa mwenyewe ndani ya nyumba. Kama simjui mjenzi, nimerithi kwa nani? Usiku na mchana wiki mbili nilikuwa nangoja gari la kuja kunitoa.

Ndipo barua yako ikaja. Kwanza nilikasirika, sitakuficha. Nilisema maneno ambayo nimeyaungama kwa paroko mpya, naye akaniangalia kwa mshangao. Halafu nikaenda kwa Telesfori.

Nilimkuta anamfunga ndama. Nikapiga magoti pale pale uani.

“Inuka, Therese, hilo goti litakataa kunyooka.”

“Hukuwa wewe.”

“Najua sikuwa mimi.”

“Ni Polikarpi.”

“Najua.”

Akamaliza fundo lake. Akanieleza kwamba siku ile ya Januari gari lilipotea njia likafika kwake kwanza. Yule mama alikuwa na barua yako mkononi, akamwonyesha aelekezwe, na mwandiko wako anaufahamu, maana ndiye aliyekuwa akipeleka barua zako za shule. Alijua tangu saa ya kwanza.

“Mbona hukusema? Nilikurudishia maziwa. Nilikutukana Ijumaa Kuu. Telesfori, sikuja kumzika Kokwijuka!”

Akasema, “Nilitaka kusema. Kokwijuka alinikataza. Alisema, Therese amebakiwa na mtoto mmoja tu wa kaka yake. Akijua ni yeye, atamfukuza moyoni, atabaki na kuta. Jirani anaweza kuchukiwa akangoja.”

“Hata siku ya mwisho alisema hivyo?”

“Siku ya mwisho aliniuliza kama umefika. Nikamwambia uko njiani.”

Kesho yake nilikwenda ofisi ya kijiji na Telesfori. Nikamwambia mtendaji afute alichoandika. Akasema haifutwi, inaandikwa nyingine. Basi aandike. Nikasema kwa sauti, na watu waliokuja kufuata vibali vya mifugo wakisikia: nyumba imejengwa na Hagenimana, mzaliwa wa Gisaka, baba yangu mzazi. Mimi ni Therese Mukantabana, nimezaliwa humo. Jiwe nimelifuta mimi, mwezi wa pili, kabla ya barua ya kuzuia, kwa hofu. Mtendaji akauliza, “Hofu ya nini, mama?” Nikamwambia, “Andika hofu, inatosha.” Telesfori akaweka saini ya shahidi. Alieleza kwamba akiwa mtoto alisikia kwa baba yake, aliyekanyaga udongo wa matofali yale.

Yule mama wa mambo ya kale amejibu wiki iliyopita. Kwa kuwa jiwe lilifutwa kabla ya zuio, hawanishtaki. Paa naruhusiwa kulifunika bati upande wa mkono wa kulia tu, juu ya mbao, bila kugusa vigae, mpaka fundi wa vigae na chokaa atakapokuja mwaka ujao wa fedha, fungu likipita. Uamuzi wa kuitangaza nyumba uko juu kwa waziri, hauna tarehe. Na pale palipotinduliwa nisipazibe wala nisichonge jiwe jingine, pabaki palivyo, kwa sababu napo ni habari ya nyumba. Sijui kama ananihurumia au ananihukumu. Bado siwaamini wote, Polikarpi. Kila gari jeupe likipita nachungulia dirishani. Lakini simu nimeiwasha.

Wewe sijakusamehe na sijakufukuza. Jumatano ya tarehe 16 Oktoba tunapanda maharage kwenye kibanja cha marehemu, mimi na Telesfori na wanawake wa jumuiya walioanza kunisalimu tena kwa mdomo. Omba ruhusa kazini, na wakikunyima, uje. Ukifika usije kwangu kwanza. Utapita kaburini, liko nyuma ya zizi, bado ni udongo mtupu. Kisha utamwambia Telesfori kwa kinywa chako yale uliyoniandikia mimi. Anayajua, lakini utamwambia. Halafu utashika jembe.

Amekwisha kukutandikia kitanda kwake. Nilimwambia utalala kwangu, akakataa. Amesema nyumba inayolindwa na serikali inavuja.

Shangazi yako,
Therese Mukantabana, binti Hagenimana